Anza kwa Kupinduka: Mwongozo wa Anayetaka Kufundisha Mashua za Tanga

Kwanza vua hiyo miwani ya jua. Najua ndiyo iliyokuleta. Umemwona kijana mmoja ufukweni Nungwi au Diani, amesimama kwenye maji ya magotini, filimbi shingoni, wageni wamemzunguka wanamsikiliza kana kwamba anagawa viwanja, ukasema moyoni: kazi ndiyo hii. Nami nasema hivyo hivyo. Ni katika kazi nzuri kabisa ambazo bahari yetu inaweza kumpa kijana. Ila hukumwona saa 12 asubuhi anavyopitisha vidole kwenye kila kamba kutafuta ilipolika, wala hukumwona jioni anavyosuuza chumvi kwenye makapi wakati wenzake wanakwenda kula urojo. Miwani utaivaa baadaye. Kwa sasa nataka uione bahari kwa rangi yake.

Mwongozo huu ni wa watu wawili. Wa kwanza ni yule asiyejua tanga na mlingoti lakini ana hamu. Huyo hana shida, atafundishika. Wa pili ni yule aliyezaliwa Lamu, Pangani au Mkokotoni, aliyeshika kana ya usukani kabla hajashika kalamu, na anayeamini kwamba hana la kujifunza tena. Huyu ndiye mgumu, na kwa kuwa ndiye anayeweza kuja kuwa mwalimu bora kuliko wote, nitamsumbua yeye zaidi.

Pinduka, tena kwa hiari yako

Chukua mashua ndogo ya kisasa, zile za watu wawili. Ipeleke kwenye maji yanayokuzidi kimo, na mwenzako mwenye boti ya injini awe karibu. Kaza tanga, kaa upande ambao hupaswi kukaa, ngoja. Itaanguka nawe utaanguka nayo. Sasa ogelea uizunguke mpaka upande wa chini yake, panda juu ya ule ubao wa katikati uliochomoza, shika kamba, lalia nyuma kwa uzito wako wote mpaka mlingoti utoke majini. Mwenzako awe amejilaza ndani ya mashua, ili itakaposimama imzoe na kuinuka naye. Rudia. Rudia ukiwa umechoka. Rudia upepo ukiwa mkali. Kisha iache igeuke kabisa, mlingoti uelekee chini, uiinue kutoka huko pia.

Watu wa ufukweni watakucheka. Watauliza imekuwaje mtoto wa fulani, ambaye baba yake alikuwa nahodha, anaangusha chombo siku nzima. Waache wacheke mpaka wachoke. Ngalawa ina matengo yake pande zote mbili, na mtoto wa Kizimkazi au Msambweni anaweza kukua juu yake bila kupinduka hata mara moja. Ndiyo sababu yeye hasa anahitaji zoezi hili. Mwanafunzi wa siku ya kwanza hana hofu nyingine ila hiyo moja: itakuwaje ikianguka? Naye hataisikiliza hotuba yako, ataisikiliza sauti yako. Mwalimu ambaye hajawahi kupinduka husema "usiwe na wasiwasi" kwa sauti yenye wasiwasi mtupu.

Na ikianguka ukiwa na wanafunzi, jambo la kwanza ni kuhesabu vichwa. Vyote vimeonekana? Hakuna aliyenasa chini ya tanga? Hapo ndipo utakapoitazama mashua. Nimeona watu wazima wenye akili zao wakikimbilia mlingoti wakati mtoto bado yuko chini ya kitambaa. Mashua haina mama anayeisubiri nyumbani.

Ng'oa usukani

Ukishazoea kulowa, toa usukani, uweke ndani ya mashua, uende mbele, urudi, ugeuke kulia na kushoto bila huo. Sikutanii. Chama cha mashua cha Uingereza kinachofahamika kwa herufi RYA, kilichoanzishwa mwaka 1875 na ambacho vyeti vyake vinatambuliwa katika nchi nyingi, humtaka mtu anayeomba kusomea ualimu aonyeshe kwanza kwamba anaweza kuzunguka njia ya pembetatu bila kutumia usukani.

Inawezekana kwa sababu mashua huongozwa na vitu vingi, na usukani ni kimoja tu. Kaza tanga la nyuma na ulegeze la mbele, omo, yaani mbele ya mashua, inapanda kuelekea unakotoka upepo. Fanya kinyume chake, inaukimbia upepo. Ilaze mashua upande mmoja, itageukia upande wa pili. Mtu aliyelijua hilo kwa makalio yake na mikono yake hatamwambia mwanafunzi "shika usukani vizuri!" pale usukani unapokuwa mzito. Ataona kwamba tanga limekazwa mno, au kwamba watu wote wamejazana upande wa demani, kule upepo unakokwenda. Wanamaji wa mbio za mashua za Lamu wanalijua hili tangu zamani: mtu wao mzima ananing'inia kwenye ubao unaotoka nje upande wa joshi, kule upepo unakotoka, na mifuko ya mchanga inahamishwa kila chombo kinapogeuka. Hakuna mtu pale anayedhani kwamba nahodha peke yake ndiye anayekiendesha chombo.

Kalia mikono yako

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, na wanaoshindwa zaidi ni mabaharia hodari.

Mwanafunzi ameshika kana. Anataka kwenda kushoto, anaisukuma kushoto, mashua inakwenda kulia. Mikono yako inawasha. Unaijua dawa, ni ya sekunde moja tu, kusogeza mkono na kurekebisha. Usifanye hivyo. Weka mikono yako chini ya mapaja uikalie. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Na wawili wakishika kana moja, mmoja wao huwa ni abiria, na siku zote abiria huwa ni mwanafunzi.

Kabla hujafungua mdomo jiulize swali moja: je, kuna mtu atakayeumia, au kitu kitakachovunjika, ndani ya sekunde kumi zijazo? Kama jibu ni ndiyo, sema, tena sema kwa nguvu, na ikibidi shika. Kama jibu ni hapana, nyamaza. Mashua itageukia upepo, tanga litapigapiga, mwendo utakwisha, nanyi mtasimama katikati ya bahari mkitazamana. Vizuri sana. Sasa muulize: "Upepo unatoka wapi?" Atageuza uso, atausikia shavuni, ataitazama mikunjo juu ya maji. "Na omo yetu inatazama wapi?" Ataona. Hatasahau, kwa sababu amegundua mwenyewe. Ungemshikia kana, angejifunza jambo moja tu, kwamba wewe ni hodari. Hilo halimsaidii kitu.

Nimewasikia manahodha wa zamani wakifundisha. "Vuta! Legeza! Si hiyo! Ile! Ile pale!" Mtoto wa watu amezungukwa na kamba sita na hajui ile ni ipi. Siwadharau wazee hawa hata kidogo; ujuzi walio nao ni hazina, na ukipata nafasi ya kusafiri nao kwenye jahazi, acha kila kitu ukasafiri. Lakini wao walijifunza kwa miaka, wakianzia na upo, wakikumba maji ya ngama, kisha kamba ya jarari, kisha kamba ya demani, na usukani ukafika mwisho kabisa wakati macho na masikio yameshaiva. Mwanafunzi wako hana miaka hiyo. Ana siku chache, na pengine basi lake linaondoka Jumamosi. Kwa hiyo lazima ujuzi ambao kwa mzee uko mwilini, kwako uwe pia kwenye ulimi: ukatwe vipande vidogo, upangwe, na kila kipande kipewe neno lake.

Usidhani kwamba kuupanga ujuzi hivi kumeletwa na wageni wa leo. Katika karne ya 15 Ahmad ibn Majid, rubani wa Kiarabu kutoka Julfar, aliandika kitabu kikubwa cha elimu ya bahari, na akaandika pia tenzi ndefu za njia za baharini, mojawapo ikihusu njia za pwani yetu mpaka Sofala. Maelezo ya njia yakiwa na vina na mizani, rubani anayahifadhi kichwani na kuyatamka usiku juu ya sitaha, pasipo taa wala karatasi. Mwalimu yule alimfikiria mwanafunzi wake: atakuwa wapi, mikono yake itakuwa inafanya nini, na nini kitabaki akilini chombo kinapoyumba. Ukimaliza kuandaa somo lako, lipime hivyo hivyo. Kama mwanafunzi hawezi kulirudia huku amelowa na anatetemeka, ni refu mno.

RYA wanamfunza mwalimu kurudi kwenye mambo matano kila mara: tanga limekazwa kadiri gani, mashua imelala upande au iko wima, uzito umekaa omo au tezi (nyuma), ubao wa katikati umeshuka kiasi gani, na njia tunayoishika ni ipi. Mambo matano, basi. Ukijiona unaongeza la sita siku ya kwanza, simama, unywe maji.

Kabla ya hayo yote fanya mazoezi mchangani. Weka mashua juu ya nchi kavu, mwanafunzi aketi ndani, wewe sukuma kwa mkono ule mti wa chini wa tanga, naye ainame, avuke, akae upande wa pili, abadilishe mikono nyuma ya mgongo. Tena. Tena. Wauza madafu watakusanyika watazame. Wakaribishe nao wajaribu. Kichwa kilichojifunza kuinama mchangani hakipasuki baharini.

Na ukitaka kujua kama umeiva, fundisha watoto kwenye Optimist. Ni kimashua cha urefu wa mita 2.3 hivi, chenye omo bapa kama sanduku, kilichobuniwa na Clark Mills mwaka 1947 huko Clearwater, Florida, ili kiweze kuundwa kwa mbao rahisi na kuendeshwa na mtoto peke yake. Wewe huenei humo. Huna kana ya kunyang'anya. Uko nje kwenye boti nyingine, una sauti yako tu na ishara za mikono, na mtoto wa miaka 9 ndiye nahodha. Walimu waliozoea kushikashika hutaabika sana hapo. Wengine huugua kabisa, wakaomba kuhamishiwa ofisini.

Muulize mama wa mwani

Cheti chochote utakachopata kimeandikwa kwa ajili ya bahari zote, na bahari zote hazipo. Ipo hii yako. Kuanzia Desemba hadi Machi hivi una kaskazi. Kusi ikishika, na hasa Juni mpaka Agosti, upepo unaomfurahisha mwanafunzi wa wiki ya pili unaweza kumtisha wa siku ya kwanza asirudi tena. Na maji! Katika bamvua, siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, bahari yetu hupanda na kushuka karibu mita 4. Siku hizo, kuanzia Lamu hadi Unguja, maji hujaa mnamo saa 10, alfajiri na alasiri, na kupwa mnamo saa 4. Kwa hiyo ukimpangia mgeni somo la saa 4 asubuhi siku ya mwezi mpevu pale Paje au Jambiani, utamfundisha kutembea. Maji yako mbali huko kwenye mwamba, na mashua yako imekaa juu ya mchanga.

Jifunze pia kwamba maji hayatembei kwa kasi moja. Saa ya kwanza baada ya kupwa yanaingia kidogo kidogo. Saa ya tatu na ya nne ndipo yanapokimbia hasa. Kwenye mlango wa mwamba, ambako maji yote ya wangwa hutokea, mkondo wa saa hizo humchukua mwanafunzi akiwa bado anakushangilia kwamba amejua.

Hayo hutayakuta yote kitabuni, kwa hiyo nenda kaulize. Nenda kwa wavuvi, uamkie kwanza. Nenda kwa akina mama wa mwani. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, kwenye ukanda huu huu wa Paje na Jambiani, na vigingi na kamba zao ziko kwenye maji yale yale ya kina kifupi unayoyaona ni salama kwa wanafunzi. Mashua moja ikipita juu ya mashamba yale, ubao wa katikati unang'oa kazi ya wiki kadhaa. Mama huyo ana haki ya kukutukana, na ningependa akutukane kwa Kimakunduchi ili uipate vizuri. Mwendee kabla. "Shikamoo mama, mipaka ya shamba lako ni ipi?" Atakuonyesha, na zaidi ya hapo atakwambia mchanga umehamia wapi tangu mwaka jana. Weka maboya yako kwa kufuata maneno yake.

Na wewe uliyesomea ng'ambo ukarudi na beji kifuani: usiende ukamwelekeza mwenye jahazi namna ya kugeuza. Mashua zako ndogo hugeuka kwa kupitisha omo upande unakotoka upepo. Chombo chenye tanga la foromali kwa kawaida huupa upepo tezi, na wanamaji huihamisha foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, kwa kupita mbele ya mlingoti, kazi ya nguvu na ya kujua wakati. Ni elimu mbili, zote ni elimu. Mwalimu wa pwani hii anastahili kuwa nazo zote mbili, na watoto wa hapa wafundishwe kwa maneno wanayoyasikia nyumbani: joshi, demani, gosi, henza. Ni aibu mtoto wa nahodha kufundishwa baharini kwao kana kwamba hajawahi kuiona bahari.

Sasa karatasi

Nimeiweka karatasi nyuma, lakini ipate. Hoteli na vilabu huajiri kwa vyeti, na vijana wetu wanaojua upepo kuliko kila mtu ufukweni wanaishia kubeba mashua na kuziosha kwa sababu hawana karatasi, huku mgeni mwenye karatasi akifundisha. Hilo linaniudhi, na dawa yake mojawapo ni wewe.

Kwa njia ya RYA mambo ni haya. Uwe umefika miaka 16. Uwe na cheti halali cha huduma ya kwanza. Uwe na cheti cha kuendesha boti ya injini, ngazi ya pili, maana nusu ya maisha yako utayapitisha kwenye boti ya uokoaji. Kwenye mafunzo ya cheti hicho ndiko utakakofundishwa kufunga mguuni kile kikamba chekundu ambacho ukianguka kinaizima injini. Boti isiyo na mtu huzunguka na kumrudia aliyeanguka, na panga la injini halichagui. Kifunge kila mara, hata ukisogeza boti hatua ishirini. Kisha unapimwa uendeshaji wako: kuondoka na kutua ufukweni upepo ukikusukuma nchi kavu, kumwokoa aliyetumbukia, kuisimamisha iliyopinduka. Aliyetumbukia kwenye mtihani ni mwanasesere au boya. Wapo wanaolikimbilia kwa kasi wakalipita juu. Lingekuwa mtu, ungekuwa msiba. Mwendee polepole kutoka upande wa chini ya upepo, tanga likipepea, mashua isimame ubavuni pake. Ukifaulu, unakwenda mafunzo ya siku 5, na mwishoni anakuja mtahini ambaye hakukufundisha.

Mwanafunzi wako ukiwa naye ndani ya mashua, kiwango ni watatu kwa mwalimu mmoja. Mwenye biashara atakuja na familia ya watu watano na tabasamu. Mwambie safari mbili.

Ajuaye kuogelea na asiyejua

Jaketi okozi ni kwa kila mtu, na mtu wa kwanza ni wewe. Hapa sina utani. Pwani yetu ina watu wengi wanaoishi kwa bahari bila kujua kuogelea, na tumezika wengi. Septemba 2011 MV Spice Islander ilipozama njiani kwenda Pemba, hapakuwa na mji Zanzibar usiokuwa na matanga. Mwalimu wa mashua asiyevaa jaketi kwa kuwa yeye ni mwogeleaji anawafundisha watoto kumi kwamba jaketi ni la waoga. Livae hata kwenye maji ya kiunoni, lifunge vifungo vyote, joto ulivumilie.

Halafu hesabu wasichana walio kwenye darasa lako. Kama hakuna, hujaanza kazi. Wasichana wetu hukua ufukweni, wanajua maji kupwa na kujaa, wanakwenda pweza, wanakwenda chaza, lakini kana hupewa kaka zao. Nenda kwa wazazi, ukae kwenye mkeka, unywe kahawa, ueleze: atavaa nguo zake za stara chini ya jaketi, atafundishwa na mwalimu mwanamke, na saa fulani atarudishwa. Mwalimu mwanamke hayupo? Ndiyo maana nilitaka mwongozo huu usomwe na dada zetu pia. Oman, ambako mila hazitofautiani sana na zetu, mradi wa Oman Sail ulianza mwaka 2008 kuwarudisha vijana kwenye matanga, na haukuchukua muda kabla ya kuwafungulia wanawake programu yao. Hawakungoja mtu awape ruhusa kutoka Ulaya.

Tukirudi kwenye karatasi yako: ikishatoka, inadumu miaka 5, na cheti cha huduma ya kwanza kisipohuishwa nayo haifanyi kazi. Piga nakala, weka moja nyumbani na moja klabuni, halisi usiipeleke ufukweni. Na kabla hujaandika barua ya kuomba kazi, nenda kaangalie jedwali la maji la mwezi ujao.